Ufalme Uliobaki Kwenye Hati za Mashamba

Novemba 1582 kijana wa miaka 18 wa Stratford-upon-Avon alikuwa na haraka ya kuoa. Mchumba wake, Anne Hathaway, alikuwa na miaka 26 na mimba ilikwisha kuingia. Desturi ilitaka ndoa itangazwe kanisani mara tatu, nao muda huo hawakuwa nao, kwa hiyo ilibidi kibali kitoke kwa askofu. Wakulima wawili wa kijijini kwa kina Anne wakasimama wadhamini kwa pauni 40, na karatasi ile ya dhamana ipo hadi leo. Kijana huyo ni William Shakespeare. Kumbukumbu za ndoa yake hazikuwekwa Warwick, makao ya kaunti yake. Ziliwekwa Worcester, makao ya kaunti nyingine, mwendo wa zaidi ya kilomita 30 kutoka kwao.

Wengi wanaosimulia ndoa hiyo hupita hapo bila kugeuka. Mimi husimama kila mara. Kwa nini mtu wa Warwickshire aombe kibali Worcester? Jibu la haraka ni kwamba Stratford ilikuwa chini ya dayosisi ya Worcester. Sawa, lakini kwa nini dayosisi iikate Warwickshire vipande viwili, kusini-magharibi iende Worcester na sehemu iliyobaki iende kwa askofu mwingine? Ni kwa sababu dayosisi ndiyo iliyotangulia. Ilianza karibu mwaka 680, wakati kaunti za eneo lile zilichorwa katika karne ya 10 na mwanzoni mwa karne ya 11. Tena askofu wa kwanza hakukaa chini akajichorea mipaka. Alipewa ufalme mzima auchunge, na ufalme huo uliitwa Hwicce, tamka "Hwiche". Siku ile wadhamini wa Shakespeare walipofika Worcester, Hwicce ilikuwa imekaa miaka 800 bila mfalme, na bado mpaka wake ndio ulioamua waende wapi.

Tumezoea kuzitafuta falme za kale kwenye habari za vita na kwenye nasaba za wafalme. Hwicce haina nasaba. Haina tarikhi yake wala shairi la kumsifu mfalme wake yeyote. Ilikuwa kwenye bonde la mto Severn, magharibi mwa Uingereza, pamoja na vilima vya Cotswold na miji ya Worcester, Gloucester, Winchcombe na, kwa muda, Bath. Kutoka nchi hiyo yote hatuna mtu hata mmoja aliyeandika habari za watawala wake kwa nia ya kuwaandika. Tulicho nacho ni hati za mashamba: fulani amempa fulani ardhi ya kiasi hiki, mpaka unapita pale, mashahidi ni hawa. Nami nashikilia kwamba hati hizo zinaeleza kuzaliwa na kufa kwa ufalme ule kwa uaminifu kuliko tarikhi zote zinazonukuliwa kila siku. Waliozitunza walikuwa wanalinda mali yao, hawakuwa na shida ya kumpamba mfalme aliyekwisha kufa.

Tuanze na tarikhi hizo, maana ndiko wengi wanakoanzia. Tarikhi ya Waanglo-Saksoni inasema mwaka 577 Cuthwine na Ceawlin wa Wasaksoni wa Magharibi walipigana na Wabritoni, wenyeji wa kisiwa kile kabla ya Wasaksoni, huko Dyrham, wakaua wafalme watatu, Conmail, Condidan na Farinmail, na wakatwaa miji mitatu: Gloucester, Cirencester na Bath. Kisha mwaka 628 inamleta Penda wa Mercia, ufalme jirani, akipigana Cirencester na wafalme wa Wasaksoni hao hao, halafu wakapatana. Watu wameunganisha nukta hizo mbili wakapata hadithi nzuri: Wasaksoni waliteka nchi, Penda akawanyang'anya, akaunda Hwicce. Kuna vitabu vinavyoieleza kana kwamba mwandishi wake alikuwepo.

Mimi siamini kwamba ushahidi unabeba mzigo huo. Tarikhi ile ilikusanywa kwenye miaka ya 890, zama za mfalme Alfred, zaidi ya karne tatu baada ya vita vya Dyrham, na waliokusanya walikuwa watu wa Wessex, yaani Wasaksoni hao hao wa Magharibi. Wafalme watatu na miji mitatu vimepangika kama maneno yaliyotungwa ili yakumbukwe kwa mdomo. Huenda kuna kweli ndani yake. Lakini neno Hwicce halimo, si katika mwaka 577 wala katika mwaka 628. Tumeliingiza sisi.

Bede ana faida zaidi, ingawa naye lazima asomwe kwa macho mawili. Alikuwa mtawa wa Jarrow, mbali kaskazini, na historia yake ya kanisa aliikamilisha mwaka 731. Katika utangulizi anawataja waliomletea habari: Albinus na Nothhelm kwa upande wa Kent, askofu Daniel kwa Wasaksoni wa Magharibi, Esi kwa Anglia ya Mashariki, Cyneberht kwa Lindsey, watawa wa Lastingham kwa Mercia. Kwa Hwicce hamtaji mtu. Basi habari za Hwicce kwake zinaanguka kama makombo, pale tu alipokuwa anasimulia jambo la watu wengine. Anaposimulia mkutano wa Augustine, mmisionari aliyetumwa Kent kutoka Roma, na maaskofu wa Wabritoni mwanzoni mwa karne ya 7, anasema ulifanyika mahali panapoitwa Mwaloni wa Augustine, mpakani mwa Hwicce na Wasaksoni wa Magharibi. Msomaji mwenye haraka atasema basi mwaka 603 Hwicce ilikuwepo. La. Bede alikuwa anawaelekeza wasomaji wake wa mwaka 731 kwa majina waliyoyajua wao, kama mtu anayesema babu yake alizaliwa Tanzania wakati babu alizaliwa kabla nchi haijapata jina hilo.

Kombo lake la thamani ni jingine. Anamtaja Eafe, malkia wa Wasaksoni wa Kusini, kwamba alipoolewa kule tayari alikuwa amebatizwa kwao, Hwicce. Baba yake alikuwa Eanfrith, nduguye Eanhere, na wote wawili walikuwa Wakristo pamoja na watu wao. Bede hana tena la kusema. Mwandishi huyu anayehesabu kila mmisionari na kila mfalme aliyetiwa majini hana habari ya nani aliyewahubiria Hwicce. Nadhani kimya chake kina sababu. Imani ile haikuletwa na mtu wa kutoka Roma wala Kent wala kaskazini. Waliikuta kwa Wabritoni waliokuwa wakiishi kwenye bonde lile tangu zama za Warumi, ambao Bede hakuwa na hamu ya kuwapa sifa. Kama ni hivyo, picha ya washindi waliofagia nchi ikabaki tupu haiwezi kusimama, na mwaka 577 unazidi kupungua uzito.

Kuna pia orodha ya kodi iliyo katika hati ya karne ya 11, inayotaja makabila na falme zilizokuwa kusini mwa mto Humber na idadi ya haidi za kila moja. Haidi ilikuwa kipimo cha ardhi ya kulisha familia moja. Hwicce, wameandikwa Hwinca, wana haidi 7,000. Watu wamepiga hesabu ndefu kwa tarakimu hiyo, lakini ukiangalia pembeni utawaona Wasaksoni wa Mashariki, 7,000, Wasaksoni wa Kusini, 7,000, na Lindsey, 7,000. Bede naye anawapa Wamercia wa kaskazini mwa Trent familia 7,000. Hakuna aliyekwenda kuhesabu nyumba. Elfu saba lilikuwa daraja, yaani hawa ni ufalme kamili wa kawaida, walipe kama wenzao. Kama ulinganisho, Mercia wana 30,000 na watu wa Kisiwa cha Wight 600. Kwa hiyo orodha inatuambia jambo moja tu, lakini kubwa: aliyekuwa anakusanya kodi aliwaona Hwicce kuwa nchi, hakuwaona kuwa wilaya.

Sasa hati zenyewe.

Ya kwanza ina tarehe ya 676. Osric anatoa haidi 100 zilizo jirani na mji "unaoitwa Hat Bathu", Bafu la Moto, ndio Bath ya leo yenye chemchemi zake, kwa ajili ya nyumba ya watawa wanawake chini ya Bertana. Nakala tuliyo nayo ni ya karne ya 12 na orodha ya mashahidi wake ina kasoro, lakini kiini chake wataalamu wengi wanakikubali. Humo Osric anajiita rex, mfalme, bila kuongeza wala kupunguza. Ndiye pia anayehesabiwa mwanzilishi wa monasteri ya Mtakatifu Petro huko Gloucester, karibu mwaka 679.

Baada yake anakuja Oshere. Halafu angalia mwanawe. Æthelbald, mfalme wa Mercia kuanzia 716, anatoa haidi 20 huko Wootton kwa Æthelric, na hati inamweleza Æthelric kuwa mwana wa Oshere "aliyekuwa mfalme wa Hwicce". Yeye mwenyewe anaitwa comes, mwandani, mtu wa kufuatana na bwana wake. Baba mfalme, mwana mwandani, ndani ya mstari mmoja wa maandishi. Tena anachopewa ni shamba ndani ya nchi ya baba yake, na anayempa ni jirani.

Æthelric huyo tunamkuta tena mwaka 736 kwenye hati ya Ismere, na hii si nakala. Ni ngozi ile ile iliyoandikwa mwaka ule, imo British Library jijini London. Æthelbald, anayejitambulisha kuwa mfalme wa Mercia na wa majimbo yote yanayoitwa ya Waingereza wa Kusini, anampa Cyneberht haidi 10 ajenge monasteri karibu na mto Stour. Mahali hapo, hati inasema, pako katika jimbo ambalo watu wa kale walilipa jina Husmerae. Simama hapo kidogo. Husmerae ni watu ambao mwaka 736 walikwisha kuwa "wa kale", kijikabila kilichomezwa zamani na Hwicce wenyewe, na kilichosalia ni jina lao kwenye ziwa na kijito. Neno Hwicce halimo kabisa. Mwishoni mashahidi wanatia saini za misalaba. Æthelbald anatia sahihi kama mfalme wa Britania, wala si wa kusini tu. Chini yake yumo Æthelric: mfalme wa chini na mwandani wa Æthelbald, kiongozi mtukufu mno. Ngozi moja imebeba kabila lililokwisha kumezwa, ufalme unaoendelea kumezwa, na mmezaji mwenyewe akijipa cheo cha kisiwa kizima.

Mwaka 759 ndugu watatu, Eanberht, Uhtred na Ealdred, wanatoa haidi 10 kwa abati Headda. Wanajiita reguli, wafalme wadogo, na wanasema wanatoa kwa ruhusa ya Offa, mfalme wa Mercia. Offa alikuwa na miaka miwili tu kwenye kiti. Wafalme watatu kwa pamoja hawakuweza kugawa mashamba kumi bila ruhusa ya bwana mgeni. Kwenye miaka ya mwisho ya 770, Offa anampa Ealdred haidi nne huko Sedgeberrow, na hati inamwita Ealdred mfalme wa chini, yaani dux, liwali, wa watu wake mwenyewe wa Hwicce. Maneno "watu wake mwenyewe" yananigusa kila nikiyasoma. Mwandishi alihisi bado lazima aseme kwamba mtu huyu si mtumishi aliyeletwa, ni mwenyeji. Baada ya hapo hakuna tena ndugu wa nyumba ile anayejulikana kwa cheo chochote cha kifalme. Mwaka 781 Offa akamnyang'anya askofu wa Worcester monasteri ya Bath na haidi 90 zake, kwa madai kwamba zilikuwa urithi wa jamaa yake Æthelbald. Na mwaka 802, siku ile Ecgberht anatawazwa Wessex, liwali Æthelmund akapanda farasi kutoka nchi ya Hwicce, akavuka mto pale Kempsford, akapambana na watu wa Wiltshire. Akafa huko. Tarikhi inamwita liwali, basi.

Mfalme, mwandani, mfalme mdogo, liwali. Kwa miaka 120 hivi vyeo vinashuka ngazi hadi mwisho, wala hakuna mahali popote panapoandikwa kwamba Hwicce walishindwa vitani na Mercia. Hapakuwa na siku ya kuanguka. Ufalme uliisha kwa kuomba ruhusa, shamba baada ya shamba.

Lazima nijibu pingamizi ambalo msomaji makini analo tayari: hati hizi zimetunzwa na nani, na tuna hakika gani kwamba hazikughushiwa? Pingamizi hilo ni la haki. Sehemu kubwa imetufikia kupitia kanisa la Worcester. Daftari moja la hati lilikusanywa mwanzoni mwa karne ya 11, na la pili mwishoni mwa karne hiyo na mtawa Hemming, kwa amri ya askofu Wulfstan, aliyekuwa askofu Mwingereza wa mwisho aliyebaki kitini chini ya Wanormani, walioiteka Uingereza mwaka 1066, hadi alipofariki mwaka 1095. Hemming anaeleza jinsi Wulfstan alivyoamuru sanduku la kanisa lifunguliwe, hati za kale zikaguliwe, na zilizoharibika kwa kuoza zitengenezwe. Naipenda picha hiyo: mzee yule, Wanormani wamejaa nchini, anainamia ngozi za miaka 400 zilizoliwa na unyevu. (Neno hwicce lenyewe katika Kiingereza cha kale linafanana na neno la sanduku. Wapo wanaodhani jina la watu lilitokana na umbo la bonde lao. Mimi nalisema tu, silijengei hoja.)

Lakini Wulfstan na Hemming hawakuwa wanafanya kazi ya makumbusho. Hemming anawalaumu waziwazi waliowanyang'anya mashamba: Wadenmark, wasimamizi na watoza kodi, halafu Wanormani. Sherifu wa kaunti, Urse d'Abetot, alikuwa tishio la kila siku. Kitabu cha Domesday cha mwaka 1086, orodha ya mali na ardhi za nchi nzima, kinaonyesha walivyojitetea, maana kinakubali kwamba kanisa la Worcester lina eneo liitwalo Oswaldslow, haidi 300, ambako sherifu hana sauti. Na haki hiyo ilivyozidi kubishaniwa, ikatokea hati nzuri mno yenye tarehe ya 964, ikidai mfalme Edgar aliwapa Oswaldslow pamoja na kila uhuru ambao mwanasheria angeota. Wataalamu wengi wanaiona ni ya kughushi, kazi ya baadaye sana. Ndiyo, watawa walighushi.

Hata hivyo, tazama wanavyoghushi. Mghushi humpandisha cheo mtoaji, kwa kuwa zawadi ya mfalme mkuu ni ngumu kupokonywa. Hana faida yoyote kumgeuza mfadhili wake mfalme mdogo anayeomba ruhusa. Mtu anaweza kunijibu kwamba jina la Offa liliongezwa ili kuipa hati nguvu, na kwa hati moja moja nakubali linawezekana. Lakini mteremko mzima wa vyeo umetawanyika kwenye hati za miaka tofauti, zenye wapokeaji tofauti, na katikati yake imekaa ngozi halisi ya Ismere ambayo hakuna mtawa wa karne ya 11 aliyeigusa kalamu. Hakuna mtu aliyeupanga mteremko ule. Ndiyo maana nauamini.

Msomaji wa pwani yetu hana ugeni na mashaka ya namna hii. Habari za masultani wa Kilwa kwa Kiarabu tunazisoma kwenye nakala iliyonakiliwa Zanzibar mwaka 1877 kwa ajili ya balozi John Kirk, nayo imo British Library, nyumba moja na hati ya Ismere na daftari la Hemming. Daftari hilo lilinusurika moto wa Ashburnham House, usiku wa Oktoba 1731, ulioteketeza au kuharibu sehemu ya mkusanyo wa Robert Cotton, ambamo daftari lilikuwemo.

Ukitaka kuona bahati ya Hwicce, itazame Lindsey, ufalme mwenzake wa haidi 7,000 upande wa mashariki. Lindsey inayo nasaba: majina ya watawala kutoka baba hadi baba hadi kwa miungu, yakiishia kwa Aldfrith. Kwa orodha za wafalme imeishinda Hwicce mbali. Lakini hati za ardhi hakuna. Wavamizi wa Skandinavia walipopita katika karne ya 9, kiti cha askofu kilivunjika na masanduku yake yakapotea nacho. Aldfrith tunalijua jina lake, hatujui alitawala lini, alimpa nani shamba, aliomba ruhusa kwa nani. Hwicce hawana mti wa ukoo hata mmoja, lakini tunajua Osric alitoa nini pale penye maji ya moto. Nikiambiwa nichague, nachukua sanduku la hati.

Majina ya mahali nayo yanasema kitu, ila yanataka uangalifu. Droitwich imo katikati ya nchi ya Hwicce, na watu huliona "wich" wakafurahi. Hilo ni neno jingine, linahusu makazi ya kazi na biashara, na kule kazi ilikuwa chumvi. Majina ya kweli ni kama Wychwood, msitu ulio Oxfordshire, ulioandikwa Huiccewudu katika karne ya 9, na Whichford, kivuko cha Hwicce, pembeni kabisa mwa Warwickshire. Yote mawili yako ukingoni au nje. Ni lazima iwe hivyo, maana ndani ya nchi ya Hwicce misitu yote ni ya Hwicce, nani angehangaika kuusema? Jina la aina hiyo hutolewa na jirani anayenyoosha kidole: ule ni wao.

Na mpaka wa dayosisi ndio mkubwa kuliko yote. Katika Gloucestershire dayosisi ya Worcester ilikomea kwenye mto Severn na kijito cha Leadon. Ng'ambo, kwenye msitu wa Dean, watu walikuwa kaunti moja na wa mashariki lakini walikwenda kwa askofu wa Hereford, kwa sababu huko ilikuwa nchi ya watu wengine, Magonsæte. Kaunti nzima ya Winchcombe ilifutwa na kuingizwa Gloucestershire mwanzoni mwa karne ya 11, Hemming anamtaja Eadric Streona kuwa ndiye aliyefanya hivyo, na dayosisi haikutikisika. Mwaka 997 liwali Leofwine, baba yake Leofric aliyemwoa Godiva, bado aliandikwa kuwa liwali wa majimbo ya Hwicce. Mipaka ile ikapita Wadenmark, ikapita Wanormani, mpaka Henry VIII alipoikata mwaka 1541 kuunda dayosisi ya Gloucester; upande wa Stratford ukabaki Worcester.

Miaka michache kabla ya mkato huo, abati wa mwisho wa Gloucester, William Malvern, alimtengenezea Osric kaburi jipya. Lipo kwenye kanisa kuu la Gloucester. Mfalme amelala chali na taji kichwani, na kifuani ameshika kanisa dogo la jiwe, kama mtu aliyelala na zawadi aliyokuwa bado hajaikabidhi. Sura ni ya kubuni, mavazi ni ya karne ya 16. Lakini sababu ya kumchonga ilikuwa ile ile ya Wulfstan na sanduku lake: monasteri iko hatarini, mwiteni aliyetupa ardhi. Miaka michache baada ya mchongo, monasteri haikuwepo.

Nimesema vyote vilivyobaki vilibaki kwa ajili ya ardhi. Kuna kimoja ambacho hakikubaki hivyo. Würzburg, Ujerumani, mji ambao askofu wake wa kwanza, Burchard, alikuwa Mwingereza wa karne ya 8, wanatunza kitabu cha Kilatini kilichoandikwa Italia katika karne ya 5, maelezo ya Jerome juu ya kitabu cha Mhubiri. Mwanzoni mwake mkono mwingine, wa karibu mwaka 700, umeandika maneno manne kwa Kiingereza cha kale: Cuthsuuithae boec thaerae abbatissan. Kitabu cha Cuthswith, mama mkuu wa watawa. Jina la Cuthswith linatokea pia kwenye hati za Worcester. Ndiye mama mkuu wa Inkberrow, na mmoja wa waliompa ardhi ni mfalme Oshere. Kwenye hati zile yeye ni mpokeaji wa haidi, jina kati ya majina. Pale Würzburg ni mwanamke wa Hwicce aliyekuwa na kitabu ambacho tayari kilikuwa na umri wa miaka 200, akakipenda kiasi cha kutaka ijulikane ni chake.